Nani alipe ada ya dereva?

Haya wasomaji wangu, leo tupande milimani kidogo. Kwetu Myamba, huko Upareni, Wilaya ya Same, tulikuwa tunalijua lori kwa mlio wake kabla hatujaliona. Linakuja kubeba tangawizi, linashuka nayo kona kwa kona mpaka tambarare, kisha linaelekea mjini. Lori la utoto wangu aliliendesha mjomba. Siku moja nilimuuliza udereva alisomea wapi. Akacheka: "Juu ya magunia, mjomba."

Alikuwa anasema kweli. Alianza kama utingo, akawa anaosha gari, akaanza kupewa usukani gari likiwa tupu. Siku dereva alipougua, tajiri akamwambia ashuke na mzigo. Leseni aliipata baadaye. Hakuna aliyewahi kukaa naye kumfundisha namna ya kushusha gari zito kwa gia, badala ya kukanyaga breki mpaka zichemke.

Mwishowe zilichemka. Mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni akafariki. Mjomba akafungwa. Ukoo wetu ukachanga pesa kuwapa wafiwa. Tajiri akaleta lori jingine na dereva mwingine, naye katoka juu ya magunia yale yale. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo haki: aliyeshika usukani ndiye mwenye deni.

Nilipoanza kuandika habari za mahakamani ndipo nilipogundua kwamba sheria haikusema hivyo hata kidogo. Turudi nyuma mpaka London, mwaka 1862. Magari ya abiria yalikuwa yanavutwa na farasi, na madereva walishindana kugombea abiria kama daladala zetu. Dereva wa kampuni ya London General Omnibus akamkatiza mwenzake wa kampuni pinzani makusudi, na gari la yule mwenzake likapinduka. Kampuni ikajitetea: sisi tulishawapa madereva maagizo ya maandishi kwamba ni marufuku kushindana wala kuzuia gari jingine. Majaji wengi hawakukubali. Dereva alikuwa kazini, akimtafutia mwajiri faida, kwa hiyo mwajiri alipe. Karatasi ya maagizo haikutosha kumwokoa.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walikuja na sheria yao, na tarehe ya kuipokea bado inatajwa katika vitabu vyetu: 22 Julai 1920. Kwa hiyo kanuni ile ya farasi wa London ndiyo kanuni ya Fuso la Myamba. Dereva akikosea akiwa kazini, mwajiri anadaiwa pamoja naye. Tena mwajiri ana deni lake binafsi akimpa usukani mtu asiyeiweza kazi, au akiliachia gari bovu litoke. Tunayo pia sheria inayowaruhusu wategemezi wa marehemu kudai fidia, na bima ya kulinda watu wengine barabarani ni ya lazima. Lakini nani aliwaambia hayo wafiwa wa Myamba? Kesi waliyoiona ni ile ya jinai, na mshtakiwa alikuwa mmoja tu. Ya madai haikufunguliwa.

Sasa tuje mwaka 2015. Tarehe 11 Machi, pale Changarawe, Mafinga, lori lenye kontena na basi viligongana, watu zaidi ya 40 wakafa. Taifa zima lilikuwa linauliza kuhusu madereva. Jibu la serikali likawa kwamba dereva arudi darasani kila anapotaka kuhuisha leseni yake. Ijumaa ya tarehe 10 Aprili madereva wa mabasi na malori wakagoma. Ubungo palifurika abiria waliokwama, mabomu ya machozi yakapigwa. Waziri wa Kazi wa wakati huo, Gaudensia Kabaka, akaenda kuzungumza nao, na sharti lile likaondolewa. Mwezi Mei wakagoma tena.

Wengi mjini tulisema madereva hawataki shule. Nami nilisema hivyo, nakiri. Lakini ukiyasoma madai yao utaona kilio chao kilikuwa kingine: ada tulipe wenyewe, na siku za masomo nani analisha watoto? Tena walidai mikataba ya ajira, kwa sababu wengi hawakuwa nayo. Hebu fikiri. Mtu asiye na mkataba atathibitisha vipi kwamba alitumwa na tajiri? Na mfiwa naye atathibitisha vipi? Kile kipande cha karatasi walichokililia kilikuwa kinga yao, na vilevile ushahidi wa yule mama aliyekuwa akitoka sokoni.

Tarehe 28 Juni 2025, nyumbani kabisa, eneo la Sabasaba pale Same, basi na Coaster viligongana na kuwaka moto. Watu zaidi ya 35 walipoteza maisha. Maelezo ya awali yalitaja tairi la basi kupasuka. Mimi si mpelelezi na simhukumu mtu. Nasema tu kwamba kila tairi lina mnunuzi, na kila dereva ana aliyemkabidhi ufunguo. Maswali yetu yasiishie kwenye kiti cha mbele.

Mjomba alitoka gerezani, hakugusa usukani tena. Analima tangawizi. Mwaka jana nilimweleza kesi ile ya London. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mjomba, yule mama alikuwa na haki ya kulipwa na tajiri?"

Nikamjibu ndiyo. Hakuuliza juu ya kifungo chake.