Kutoka Ingolstadt hadi Kanzidata: Viambato vya Bia na Tatizo la Majina

Tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria, Wilhelm IV na nduguye Ludwig X, walitangaza amri iliyohusu bei ya bia na vitu vilivyoruhusiwa kuipikia. Viambato vilivyotajwa ni vitatu tu: shayiri, hopsi na maji. Hopsi, kwa asiyeijua, ni maua ya mmea utambaao, ambayo huipa bia uchungu wake na kuichelewesha isiharibike. Chachu haimo katika orodha ile. Wapishi wa zama hizo walilifahamu vema povu zito na masimbi yaliyobaki katika pipa, nao waliyahamisha kutoka pishi moja hadi jingine. Lakini yaelekea hawakuyahesabu kuwa kitu kinachotiwa. Yalikuwa zao la upishi wenyewe, kama majivu yalivyo zao la moto.

Naianza makala hii na amri hiyo kwa kuwa ndani yake mna kazi ambayo sisi watu wa kamusi tunaijua: kuamua kipi kiingie katika orodha, kiingie kwa jina gani, na kikae chini ya kichwa kipi. Kazi hiyo hiyo imefanywa upya, katika miongo mitatu hivi iliyopita, na watu wasiojiita wanaleksikografia hata kidogo. Hao ni waandishi wa programu za kompyuta zinazowasaidia watu kupika bia majumbani mwao. Kila programu ya namna hiyo ina kanzidata ya viambato, na kila kanzidata ni kamusi iliyovaa nguo nyingine. (Neno “kanzidata” lenyewe nalipenda kuliko “hifadhidata”, kwani “kanzi” ni hazina iliyofichwa, na asiyejua jina la kitu kilichomo hakipati.)

Kabla ya kuendelea, sina budi kulitetea neno “kiambato”. Akina mama wakiandika mapishi husema “mahitaji”, na jambo likaisha. Wengine husema “viungo”. Lakini kiungo ni iliki na mdalasini, ni goti na kiwiko, na siku hizi ni yale maneno ya buluu yanayobonyezwa katika intaneti. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na katika jedwali la kompyuta mizigo hiyo ingegongana. Kiambato ni kile kinachoambatana na vingine kufanya kitu kimoja, tukitumie hicho.

Kupika bia nyumbani katika nchi za Magharibi kulizuiwa au kubanwa kwa muda mrefu. Nchini Uingereza, sharti la kuwa na leseni liliondolewa mwaka 1963. Nchini Marekani, marufuku ya vileo ilipokoma mwaka 1933, divai ya nyumbani iliruhusiwa lakini bia ya nyumbani ikaachwa nje ya sheria hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoanza kutumika Februari 1979. Mwaka huo wa 1978, huko Boulder, Colorado, kilianzishwa chama cha wapika bia wa nyumbani, na mmoja wa waasisi wake, Charlie Papazian, akachapisha mwaka 1984 kitabu kilichowafunza wengi sanaa hiyo. Kutoka kitabu hadi kompyuta haikuwa safari ndefu. Upishi wa bia una hesabu nyingi: sukari kiasi gani itatoka katika kilo ya kimea, rangi itakuwaje, uchungu utafikia wapi. Miaka ya 1990 zikatokea programu za kuzifanya hesabu hizo, na mwaka 2003 ikatoka BeerSmith ya Brad Smith, ambayo ingali inatumika.

Sasa hesabu zinahitaji tarakimu, na tarakimu lazima ziandikwe mbele ya jina. Hapo ndipo shida ya lugha ilipojitokeza.

Tazama hopsi iitwayo Goldings, maarufu katika jimbo la Kent, Uingereza. Huko Slovenia, katika bonde la mto Savinja, kuna hopsi iliyouzwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la Styrian Goldings. Mtu yeyote angedhani ni binamu ya ile ya Kent. La hasha! Mmea huo asili yake ni Fuggle, hopsi nyingine kabisa ya Kiingereza. Jina la Goldings lilibandikwa kimakosa, likashika. Baadaye tena, aina mpya zilizozalishwa Slovenia zikauzwa chini ya mwavuli wa jina hilo hilo. Mwenye kupanga kanzidata afanye nini? Akifuata ukweli wa mmea, aandike Fuggle, mnunuzi mwenye pakiti mkononi hataiona hopsi yake. Akifuata pakiti, ameiweka kanzidata chini ya uongo wa karne nzima. Karibu wote walifuata pakiti. Nami nakubaliana nao: kamusi huandika neno kama linavyosemwa, kisha maelezo ndiyo hunyoosha. Kosa ni kuliacha neno bila maelezo.

Upande wa visawe hali ni kinyume chake. Kuna kimea kinacholoweshwa na kupashwa moto hadi sukari yake igeuke kuwa kama peremende ndani ya ganda. Waingereza hukiita kwa jina la fuwele, Wamarekani hukiita kwa jina la sukari iliyoungua. Kitu kimoja, majina mawili, na kila upande una vitabu vyake. Katika orodha ya BeerSmith majina yote mawili yameandikwa pamoja, mkwaju katikati, kisha ikafuata namba ya rangi. Huo ni mkataba wa amani kati ya lahaja mbili, ulioandikwa kwa alama moja ya uakifishaji. Namba yenyewe inafuata kipimo cha Joseph Lovibond, mpika bia wa Uingereza ambaye mwaka 1885 alibuni kifaa cha kupimia rangi kwa vipande vya kioo. Alichoka, nadhani, kusikia watu wakisema “nyekundu kidogo” na “kahawia hivi”.

Halafu kuna kimea kiitwacho chokoleti ambacho hakina hata chembe ya kakao. Kimepata jina kwa rangi yake tu. Na kuna neno “ale”, ambalo kwa Mwingereza wa karne ya 15 lilikuwa pombe isiyo na hopsi, tofauti na “beer” yenye hopsi iliyotoka ng’ambo ya bahari. Leo “ale” hutiwa hopsi tele, na maana yake imehamia kwenye aina ya chachu. Mapishi ya kale yakiingizwa katika programu ya leo kwa neno hilo, hutoka kitu ambacho mpishi wa kale asingekitambua.

Kila programu ilipokuwa na orodha yake, mapishi hayakuweza kuhama kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya waandishi wa programu hizo walikubaliana juu ya mpangilio wa pamoja ulioitwa BeerXML. Vipimo vikawa kilo na lita, hata kwa Wamarekani, na kila kiambato kikapewa fungu. Nikiyatazama mafungu yale naziona ngeli: kuna ngeli ya hopsi, ngeli ya chachu, ngeli ya maji, ngeli ya vyote vitoavyo sukari ya kuchachushwa, na ngeli ya “mengineyo”. Hata wingi uliundwa kwa kanuni moja isiyojali desturi ya Kiingereza: kila jina la fungu liliongezewa S mwishoni, ikapatikana MISCS, WATERS na MASHS, maneno ambayo mwalimu wa Kiingereza angeyapigia mstari mwekundu. Ni kama mtoto aliyegundua kiambishi “ma-” akakitia kila mahali.

Jambo moja katika mpangilio ule lilifanywa kwa busara. Mapishi hayaelekezi tu kwenye kanzidata. Hubeba ndani yake nakala kamili ya kila kiambato. Asidi za uchungu katika hopsi hubadilika mavuno kwa mavuno, na lau mapishi yangekuwa na jina tu, kurekebisha tarakimu za mwaka huu kungeyaharibu mapishi ya mwaka juzi. Gharama yake ni mapacha. Ukipokea mapishi ya watu kumi, unaweza kujikuta na Goldings kumi, zimetofautiana kwa nukta au kwa mpangilio wa maneno. Ndiyo maana wengine waligeuza jina, wakaandika “Goldings, East Kent”, shina kwanza na sifa baadaye, ili ndugu wakae pamoja katika alfabeti. Frederick Johnson alifanya jambo la namna hiyo katika kamusi yake ya Kiswahili ya mwaka 1939, alipoweka “mpishi” na “upishi” chini ya “pika”. Mwanafunzi aliyemtafuta mpishi kwenye M alisumbuka, lakini aliyefika kwenye shina aliiona familia nzima.

Chachu peke yake ndiyo iliyopata kitambulisho hasa. Tangu Emil Christian Hansen alipotenga chachu safi ya chembe moja katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883, chachu ilikuwa kitu cha maabara, na maabara hutoa namba. BeerXML iliweka nafasi ya jina la maabara na namba ya bidhaa. Kile ambacho orodha ya Ingolstadt haikukitaja kikawa, baada ya karne nne na ushei, ndicho kiambato chenye anwani kamili kuliko vyote.

Hapa naomba tuijaribu kanzidata hiyo kwa mbege, pombe ya Wachaga, kwani ngeli hupimwa kwa nomino ngeni. Viambato vyake vikuu ni ndizi mbivu, kimea cha ulezi, na magome ya msesewe, mti ambao wanabotania huuita Rauvolfia caffra, yanayotia uchungu. Kimea cha ulezi kinaingia bila taabu katika fungu la nafaka. (Lugha yetu hapa ni tajiri: kimea kimetoka kwenye “mea”, na neno lenyewe linakueleza kilichofanyika.) Ndizi hazina pa kukaa. BeerXML iligawa vitoavyo sukari katika nafaka, sukari, rojo la kimea, unga wa rojo hilo, na nyongeza. Ndizi, ambazo ndizo msingi wa mbege, zitaandikwa kuwa nyongeza. Msesewe utakwenda katika “mengineyo”, pamoja na viungo vya chai na dawa za kusafishia maji. Na hili si suala la heshima tu. Kanuni za kukokotoa uchungu zilizotambuliwa na mpangilio ule, za Rager, Garetz na Tinseth, husoma fungu la hopsi pekee. Tia msesewe kiasi upendacho; programu itakuambia kuwa uchungu wa mbege ni 0.

Chachu nayo? Mafungu yake yalikuwa matano, likiwamo la shampeni. Chachu inayotoka kwenye chombo, kwenye ndizi na hewani haikuwa na maabara wala namba.

Waliosukuma mpangilio ubadilike hawakuwa Wachaga. Walikuwa wapika bia wa Marekani na Ulaya walioanza kutumia bakteria za uchachu, chachu za porini, na chachu za mashambani za Norway ziitwazo kveik. Mrithi wa BeerXML, uitwao BeerJSON, uliliacha jina la fungu la chachu ukalibadili kuwa “kalcha”, na ndani yake zikaingia bakteria, kalcha mchanganyiko, kveik kwa jina lake la Kinorway, na hata uchachukaji wa hiari. Kwenye vitoavyo sukari yakaongezwa matunda, juisi na asali. Kila kipimo sasa kinaandikwa na uniti yake kando. Ndizi zimepata nyumba, na asali ya wanzuki pia.

Kwa anayetaka kuyafasiri mafungu hayo kwa Kiswahili, shina “chacha” linatosha kwa sehemu kubwa: chachu kwa kitendaji, “vichachukavyo” kwa ndizi, kimea na asali. “Kalcha” ningeiita “mbegu za chachu”, ingawa wapo watakaosema hamira inatosha. Mimi naiachia hamira maandazi. Ninalokwama nalo ni fungu la hopsi. Lingeitwa “vitia uchungu”, msesewe ungeingia kwa haki yake. Lakini fungu limepewa jina la mmea mmoja, na jina la mmea mmoja halina nafasi ya mwingine. Katika BeerJSON pia, msesewe ungali katika “mengineyo”.