Barua kwa Asiyekujua: Historia ya Kuomba Ushauri Hadharani

Siku hizi simu ya mkononi hulaumiwa kwa jambo ambalo haikulianzisha. Mtu anaeleza masaibu ya ndoa yake mbele ya maelfu ya watu asiowajua. Mwingine anauliza aache kazi au avumilie. Wa tatu hana hata swali, anasimulia tu jinsi siku yake ilivyokwenda. Wazee wanaposoma hayo husema kwamba kizazi hiki kimevua nguo barabarani. Hoja ya makala hii ni kwamba barabara hiyo ni ya zamani sana, imepitwa na watu wenye heshima zao, na kwamba swali la kujiuliza si kwa nini watu wanazungumza, bali ni nani anayewajibu na ni nani anayetunza walichosema.

Tuanze nyumbani. Jamii zetu hazikukosa washauri. Alikuwapo shangazi, alikuwapo mjomba, alikuwapo somo au kungwi aliyemfunda mwari, alikuwapo sheikh au padri. Methali zetu zenyewe zinasukuma watu waseme: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo kila mmoja wa washauri hao alikuwa na nafasi yake katika shauri analoletewa. Shangazi ana upande katika ugomvi wa ndoa kwa kuwa alikula mahari. Mjomba ana neno katika urithi. Ndiyo maana desturi ziliweka pia mtu wa kando: mtani, ambaye msibani huruhusiwa kusema ambalo ndugu hawawezi kulitamka. Tukisema mgeni njoo, mwenyeji apone, tunakiri jambo lile lile, kwamba kuna dawa ambazo hazipatikani ndani ya nyumba.

Ustaarabu wa maandishi ulilichukua wazo hilo ukalifanyia utaratibu. Katika mila ya fatwa, muulizaji alipeleka shauri lake kwa mufti, na wahusika wakavishwa majina ya kuazima: Zayd, Amr, na kwa mwanamke, Hind. Ebussuud Efendi, aliyekuwa Sheikh ul-Islam wa Dola ya Uthmaniya kuanzia 1545 hadi 1574, alijibu maswali mengi ya namna hiyo, mara nyingine kwa neno moja tu la kukubali au kukataa. Zayd ameapa kumwacha mkewe naye amelewa. Je, talaka imepita? Hind amedai mahari yake. Je, ana haki? Zayd huyo angeweza kuwa fundi viatu au waziri. Jina la kuazima lilimhifadhi muulizaji, na wakati huo huo likaligeuza tatizo la mtu mmoja kuwa mafunzo ya wengi.

Ulaya iliupata utaratibu unaofanana na huo kupitia mashine ya uchapaji. Mnamo Machi 1691 mchapishaji wa London, John Dunton, alianzisha gazeti lililokuja kujulikana kama Athenian Mercury. Aliwaalika wasomaji wapeleke maswali yoyote kwa posta, bila kutaja majina, akaahidi kwamba yangejibiwa na jopo la wanazuoni. Jopo lenyewe lilikuwa dogo kuliko lilivyotangazwa: Dunton, mwalimu wa hesabu Richard Sault, kasisi Samuel Wesley na wasaidizi wachache. Maswali yalihusu roho, nyota na wanyama, lakini pia uchumba, ahadi zilizovunjwa na mabwana wakatili. Gazeti lilidumu hadi 1697. Tayari hapo mwanzo tunaiona kasoro itakayotufuata hadi leo: muulizaji alijificha kwa hofu, na mjibuji naye alijificha, lakini yeye kwa faida.

Mfano ulio tajiri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa New York. Kati ya 1881 na 1914 Wayahudi wapatao milioni 2 waliondoka Ulaya ya Mashariki, wengi wao wakielekea Marekani. Walifika mitaa ya mashariki ya mji huo, wakajaa katika vyumba vidogo na viwanda vya kushona nguo. Walikuwa wameacha nyuma rabi, wazazi na majirani waliojua ukoo wa kila mtu. Januari 1906 Abraham Cahan, mhariri wa gazeti la Kiyidishi liitwalo Forverts, alifungua safu aliyoiita Bintel Brief, yaani furushi la barua. Ilidumu kwa zaidi ya miaka 60.

Miongoni mwa barua za mwanzo ilikuwemo ya mama mmoja aliyeibiwa saa nyumbani kwake. Alimshuku jirani, naye alijua kwamba jirani huyo ameiweka rehani kwa sababu ya njaa. Hakwenda polisi. Aliandika gazetini akimwomba jirani atume stakabadhi ya rehani kwa posta; yeye angenyamaza, na ujirani wao ungeendelea kama zamani. Tuitazame barua hiyo kwa makini. Mama huyu alikuwa akiishi ukuta kwa ukuta na mshukiwa wake, lakini neno la kumwambia usoni lingewaaibisha wote wawili. Ilimbidi alipitishe kwa mgeni, mbele ya mji mzima, ili lifike mlango wa pili bila kumvunjia mtu heshima. Hadhara ilikuwa ndiyo sitara yake.

Barua nyingine zilileta mashauri mazito zaidi. Wapo waliouliza kama mtu aliyeacha dini anaweza kumwombea baba yake aliyefariki. Wapo vibarua waliouliza kama ni haki kuchukua kazi ya wenzao waliogoma. Na walikuwapo wanawake wengi walioachwa na watoto na waume waliotoweka. Hapa historia inatufundisha jambo kubwa. Mke mmoja akilalamika, hiyo ni habari ya nyumba moja. Wakilalamika mia, hilo ni suala la jamii. Mashirika ya hisani ya Kiyahudi yaliunda ofisi maalumu, National Desertion Bureau, mwaka 1911, ili kuwasaka waume hao na kuwalazimisha kulea watoto wao, na gazeti likachapisha picha za watoro. Kilio cha faragha kilikuwa kimepata anwani ya umma.

Afrika Mashariki ilipata ukumbi wake katika mazingira magumu zaidi, kwa kuwa wenye mitambo ya uchapaji mara nyingi walikuwa wamisionari au serikali ya kikoloni. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika. Lilikuwa gazeti la serikali, na waliouliza maswali ya siasa walijua mipaka yao. Lakini wasomaji, wengi wao walimu, makarani na wakulima waliokwenda shule, walilichukua na kulifanya baraza. Katika miaka ya 1940 na 1950 waliandikiana humo kuhusu dansi, mavazi, malezi ya mabinti na maana ya neno ustaarabu. Karani aliyehamishiwa wilaya ya mbali, asiye na ndugu hata mmoja hapo, alijibizana na msomaji wa Tanga au wa Ujiji ambaye hangekutana naye maishani.

Tena walijibizana kwa beti. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa na desturi ya kuulizana na kujibizana tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, na magazeti yaliipa desturi hiyo uwanja mpana. Washairi walijitambulisha kwa lakabu: Khamis Amani alijulikana kama Nyamaume, Mahmoud Hamdouniy kama Jitukali. Lakabu haikuwa woga. Ilikuwa kanuni ya adabu iliyomwezesha mtu kumkosoa mkubwa wake kwa umri bila kumkosea.

Pembeni ya gazeti la serikali zilisikika sauti huru zaidi. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Al-Islah mwaka 1932, akayachambua hadharani mambo ya malezi, elimu na desturi yaliyokuwa yakinong'onwa barazani. Dar es Salaam, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha Kwetu mwaka 1937, na maisha ya Mwafrika wa mjini yakapata ukurasa usioandikwa na bwana shauri. Baada ya uhuru jarida la Drum, lililozaliwa Afrika Kusini na kuenea hadi kwetu, liliwapa vijana safu ya Dear Dolly. Mwanahistoria Kenda Mutongi ameonyesha kwamba Dolly huyo, aliyeandikiwa kama dada mwenye busara, alikuwa kazi ya waandishi wanaume. Hata leo magazeti yetu hulitumia jina la ukoo. Wasomaji wa Taifa Leo humwandikia Shangazi. Tumempa mgeni cheo cha ndugu ili tuweze kumwambia ambalo ndugu halisi hatumwambii.

Tukikusanya mifano hii tunaona masharti matatu. La kwanza, muulizaji alihifadhiwa jina. La pili, alikuwapo mjibuji mwenye dhamana: mufti, mhariri au kadhi, mtu ambaye akikosea alijulikana pa kumpata, na pale alipojificha kama ilivyokuwa kwa Dunton na Dolly, ushauri uliingiwa na hila. La tatu, jibu lilipita mikononi mwa mtu aliyechuja, akaondoa la kuumiza, akaacha la kufundisha.

Katika ukumbi wa leo masharti yote matatu yametikisika. Jina linafichwa kwa wasomaji, lakini kampuni inayomiliki mtambo inaijua namba ya simu. Wajibuji ni maelfu, wengi wana huruma ya kweli, ila hakuna hata mmoja anayewajibika mwenye tatizo akiangamia kwa kufuata ushauri wake. Wala hakuna mchujo. Matusi na faraja hufika kwa pamoja. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni hatua njema. Lakini sheria inayolinda namba ya kitambulisho bila kulinda siri ya mtu aliyelia usiku saa nane imelinda ganda ikaacha kiini.

Kwa watumishi wa umma nina neno moja. Mwananchi anapowauliza wageni jinsi ya kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, au mahali pa kwenda akipigwa na mumewe, hajapungukiwa na haya. Anatoa taarifa kwamba ofisi iliyopaswa kumjibu haikumjibu. Maswali hayo yasomwe kama ripoti ya ukaguzi, kwa jicho la mtu anayetafuta mlango uliofungwa, kamwe si kwa jicho la anayemsaka aliyebisha hodi. Wanaharakati nao wajifunze kwa wanawake wa New York: malalamiko yanayofanana yakiwekwa pamoja huzaa taasisi.

Na kwa wanafunzi wa historia: nyaraka zetu za zamani zimejaa barua za mabwana shauri na zina uhaba mkubwa wa sauti za walalahoi. Kizazi hiki ndicho cha kwanza ambacho watu wa kawaida wameandika kwa wingi, kwa lugha yao wenyewe, hofu na furaha zao za kila siku. Maandishi hayo yako katika hazina za kampuni za ng'ambo, ambazo zinaweza kuyauza au kuyafuta bila kutuuliza. Kudai yahifadhiwe bila kuwaanika walioyaandika ni kazi ya kisiasa, nayo haiwezi kusubiri mpaka yafutwe.