Wamama kwenye shantie: si nguvu iliyokosekana

Wasikilizaji wa Kamalondo, pamoja nanyi familia mliokimbia vita na kufikia kwetu, tuongee leo juu ya swali linalorudi kila mara. Kwa nini mama akifika kwenye shantie anapewa ndoo ya maji au nyundo ya kuvunja mawe, lakini mwiko wa mwashi hapewi? Wengi wanajibu: ni nguvu. Historia ya mji wetu inajibu tofauti.

Vijijini nyumba ilikuwa kazi ya wote. Baba alikata miti na kusimamisha nguzo. Mama alichota maji, alikanda udongo, alisiriba kuta. Hakuna aliyeuliza kama mwanamke anaweza kujenga.

Mjini mambo yaligeuka. Élisabethville ilianza mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka Rodezia ilipofika. Kwanza Union Minière ilileta wanaume peke yao, kwa kontra fupi. Kufikia 1928 hivi ilibadilisha mpango: kontra ya miaka mitatu, na mfanyakazi aje na bibi yake na watoto. Familia ilipata posho na nyumba ya kambi. Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha kujengwa, na ilifuata kazi ya bwana. Mama aliyejua kusiriba hakuwa tena na ukuta wa kusiriba. Kwenye fuaye sosiale alifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Useremala na ufundi mwingine ulikuwa wa wavulana, kama kwa mapadri Wasalesiani waliofika hapa 1911.

Hapa Kamalondo, komini iliyoitwa Albert zamani, wanaume walikuwa na kitu kingine zaidi ya ufundi: walijuana. Walikutana kazini, kwenye mpira, kwenye vyama vya watu wa kwao. Kapita akitafuta masoni, aliita mtu anayemjua. Mpaka leo kazi ya shantie inapita njia hiyo.

Sheria nayo ilifunga mlango. Kodi ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga. Kontra ya kazi kubwa ilimpita hivyo.

Kisha Gécamines ikaanguka. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1993 zilibaki karibu 50,000. Mishahara ikachelewa, halafu ikakosekana. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wamama ndio waliolisha nyumba: sokoni, mashambani, na kando ya barabara wakivunja mawe. Kokoto nyingi zilizo ndani ya beto ya mji huu zimepita mikononi mwao. Basi mwanamke alirudi kwenye ujenzi, lakini kwa mlango wa chini kabisa, kwa malipo madogo, bila jina lake kuandikwa popote.

Leo sheria imebadilika. Ile ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ya mume. Ile ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi ndogo ambazo kampuni kubwa zinagawa, hata zile za migodi, zipewe kampuni za Wakongomani. Mama anaweza kufungua kampuni yake na kuomba kazi hizo. Lakini sheria haipigi simu saa kumi na mbili asubuhi kusema njoo, kazi ipo. Anayepiga ni mtu anayekujua.

Kujuana huko wamama wanakuweza tayari. Likelemba ni nini, kama si watu wanaoaminiana? Likelemba moja inaweza kununua mwiko, nivo na viatu vya kazi, kama inavyonunua masufuria. INPP, iliyoundwa 1964, ina kituo hapa Lubumbashi kinachofundisha ufundi, na ONEM inaandikisha wanaotafuta kazi. Kwenda wawili au watatu ni vizuri kuliko kwenda peke yako, maana mmoja akipata shantie atawataja wenzake. Jirani zetu Watanzania wamefika mbali zaidi: sheria yao inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na walemavu. Asiye na kikundi haipati nafasi hiyo.

Mama aliyekimbia vita yuko kwenye hali ngumu kuliko wote. Pengine kwao alifyatua matofali au alisiriba nyumba nzima, lakini hapa hakuna anayelijua hilo, basi anabaki na nyundo ya mawe. Mama, sema ufundi wako: kwa jirani, kanisani, kwenye likelemba. Nanyi wenyeji mnaofahamiana na kapita, likisikika neno la kazi, litajeni jina lake pia.