Ubepari wa Namna Mbili na Msukosuko wa Mwaka 2008

Neno bepari lilitoka Bara Hindi, na maana yake ya asili ni mfanyi biashara. Kutokana nalo limepatikana ubepari, na kwa kuwa neno ni moja, huenda msomaji akadhani ya kuwa jambo lenyewe nalo ni moja. Michel Albert, Mfaransa, aliipinga dhana hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1991, akatofautisha ubepari wa Marekani na Uingereza na ule wa nchi za mto Rhine. Benki ya Lehman Brothers ilipofilisika tarehe 15 Septemba, 2008, tofauti hiyo ilipata kipimo chake.

Huko Marekani mwajiri ana uhuru mkubwa wa kumwachisha mtu kazi biashara inapoharibika. Mwishoni mwa mwaka 2007 wasio na kazi walikuwa kiasi cha 5 katika kila 100; Oktoba 2009 walifika 10. Serikali haikukaa kitako. Muda wa kulipwa posho ya wasio na kazi, ambao kwa desturi ulikuwa majuma 26, ulirefushwa hata ukafika majuma 99 katika baadhi ya majimbo. Lakini msaada huo ulimkuta mtu amekwisha toka kazini.

Katika Ujerumani pato la taifa lilipungua mwaka 2009 kwa zaidi ya 5 katika 100, yaani kuliko la Marekani. Walakini hesabu ya wasio na kazi ilibadilika kidogo tu. Sababu moja ni Kurzarbeit, maana yake ‘kazi fupi’: kiwanda hupunguza saa za kazi badala ya watu, na bima humlipa mfanyakazi 60 katika 100 ya mshahara halisi aliopoteza, au 67 akiwa na mtoto. Mizizi ya utaratibu huo ni ya mwaka 1910. Tena sheria za 1951 na 1976 zilikwisha wapa wafanyakazi viti katika halmashauri za makampuni makubwa, hata ikawa desturi kushauriana na wenye mali.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba wote walihifadhiwa. Wafanyakazi wa muda, walioletwa viwandani na mawakala, walikuwa wa kwanza kuondolewa. Basi Marekani hasara ilimwelemea aliyeachishwa. Ujerumani waligawana waliokuwa ndani, na mgao huo haukumfikia aliyesimama mlangoni. Katika nchi zote mbili, nani atabeba mzigo lilikuwa jambo lililokwisha amuliwa na sheria na desturi za miaka ya neema.