Sanduku la Sauti: Habari za Ufundi wa Vipaza Sauti Mjini Dar es Salaam

Chombo kigeni kiingiapo katika nchi hutafutiwa jina, na mara nyingi jina hilo huhifadhi habari ambazo wanahistoria hawakuziandika. Neno kipaza sauti latokana na kitenzi kupaza, yaani kufanya kitu kipae. Kabla ya umeme, aliyepaza sauti alikuwa mwadhini au mpiga mbiu. Spika, kwa upande wake, ni neno la mkopo. Katika maneno ya mafundi, spika ni kile kikombe cha karatasi chenye sumaku na koili, na pale kinapokaa huitwa sanduku au boksi. Tofauti hii si ya maneno tu. Spika ilitoka ng'ambo. Sanduku lilichongwa hapa.

Wazo la kugawa sauti katika miili mitatu halikuwa geni kwa watu wa pwani. Katika ngoma zao vumi hutoa sauti nzito, msondo una sauti yake, na chapuo hutoa sauti kali. Hakuna mpigaji aliyetaka ngoma moja ifanye kazi ya zote. Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde moja. Wimbi la mitikisiko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na lile la mitikisiko 10,000 halifiki sentimita 4. Spika kubwa, ambayo husukuma hewa nyingi, ni nzito mno kwa mitikisiko ya upesi. Ndogo ni nyepesi, lakini haina nguvu ya kusukuma besi.

Spika ya koili itikisikayo, kama ijulikanavyo leo, ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani. Dar es Salaam ilianza kuisikia sauti yake kwa wingi baada ya mwaka 1951, kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilipoanzishwa. Mwaka 1956 kituo hicho kiligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda mjini humo, kikawa kikitengeneza redio na betri. Hivyo redio ikaingia katika nyumba za Kariakoo, mtaa ambao jina lake lenyewe ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini kumiliki redio si kumiliki sauti. Katika muziki wa dansi neno kubwa lilikuwa vyombo, yaani magitaa, vikuza sauti na vipaza sauti vyake. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Yafaa kukumbuka kwamba bendi hiyo, baada ya kubadili majina mara kadhaa, ilikuja kujulikana kwa jina la Msondo, jina la ngoma ya wazee.

Uhaba wa bidhaa ulipozidi mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuagiza chombo kizima kutoka nje kulikuwa kugumu. Masharti ya uagizaji yalianza kulegezwa mwaka 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa vitongoji vya Dar es Salaam walizusha mchiriku, muziki wa kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti vya tarumbeta. Hawakungoja shirika liwape vyombo. Sauti yao ilikuwa na mikwaruzo, nao wakaifanya mikwaruzo hiyo kuwa sehemu ya utamu wake.

Ajengaye nyumbani sanduku refu la kusimama sakafuni, lenye spika tatu, amo katika njia hiyo hiyo. Sharti kwanza ajue kwamba spika husukuma hewa mbele na nyuma, na mawimbi hayo mawili yakikutana, besi hufa. Kazi ya sanduku ni kuyatenga. Likiwa dogo kupita kiasi, besi nzito haitoki. Likivuja hewa, hupiga miluzi. Mbao zikiwa nyembamba, nazo hulia. Spika ya kati hujengewa chumba chake, isisukumwe na pumzi za spika ya besi. Ndani huwekwa sufi au pamba ya kupunguza mwangwi. Twita, spika ya sauti nyembamba, hukaa karibu na kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Koili huzuia sauti kali zisifike kwenye besi, na kapasita huzuia sauti nzito zisiiunguze twita.

Vipimo vya masanduku yenye tundu la hewa viliwekewa hesabu iliyo wazi na A. N. Thiele huko Australia mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Fundi asiyepata hesabu hizo hutumia sikio: hukata, husikiliza, huongeza ubao, husikiliza tena.

Leo maduka ya Kariakoo yamejaa sabufa zilizoungwa viwandani, nyingi zikitoka China, na mnunuzi hana haja ya seremala. Si vibaya bei ikiwa nafuu. Lakini sabufa huja imefungwa, na aliyeinunua hajui kwa nini hulia hivyo. Yule aliyejenga sanduku lake anajua, naye ana maneno ya kueleza anachokijua: besi, kati, twita, chumba, kuvuja, kukwaruza. Maneno hayo yamekusanywa kwa uchache sana. Kamusi ikiandika spika peke yake, itakuwa imehifadhi kilichonunuliwa na kuacha kilichotengenezwa. Kazi ya kuyakusanya yaanzia kwenye benchi la fundi, maadamu fundi bado yupo.