Binti wa Katwe kwenye meza za Siberia

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanaijua Kampala kwa maduka yake: unavuka Kasindi, unapita Kasese, unarudi na mzigo. Wachache hufika Katwe, mtaa wa mabanda alikokulia Phiona Mutesi. Mwaka 2025 ilitimia miaka 15 tangu binti huyo aketi kwenye ubao wa sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia, katika Olimpiadi ya wanawake, mashindano ya timu yaliyoanza Emmen, Uholanzi, mwaka 1957.

Njaa ndiyo iliyomwingiza mchezoni. Mwaka 2005 alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto na kuwagawia uji. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea alikuwa mtoto wa miaka minne.

Septemba 2010, akiwa na miaka 14 hivi, alikutana na Dina Kagramanov, bingwa wa Kanada mzaliwa wa Baku, aliyefundishwa na babu yake tangu utotoni. Phiona alishindwa. Lakini kwa simulizi ya mwandishi Mmarekani Tim Crothers, Kagramanov mwenyewe alitoka mezani akiisifu akili ya mtoto huyo. Kisha Mona Khaled wa Misri, mwenye kucheza upesi, akamvuta Phiona katika mwendo usio wake. Akapoteza tena, machozi yakamtoka.

Zikapita siku. Mbele yake akaketi Haregeweyn Abera wa Ethiopia, kijana wa Afrika kama yeye. Safari hii Phiona hakukurupuka. Alivumilia, akapata nafasi, akaishikilia mpaka mwisho. Akakimbia nje kwenye baridi, akapiga ukelele wa furaha.

Mwaka 2012, Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa cha sataranji. Filamu ya Mira Nair kuhusu maisha ya Phiona ikafuata mwaka 2016.

Upande huu wa mpaka, eneo la Beni limezika watu wake tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, na wapo wasichana waliokimbia vijiji wanaokaa kambini bila shule wala mchezo. Sataranji haidai uwanja wala viatu: ubao, kete 32 na mtu mzima mwenye subira kama Katende vinatosha. Enyi mnaoteremka Kampala kila wiki, katika mizigo yenu wekeni ubao mmoja kwa ajili yao.