Kongosho na Majina Yake: Njia ya Mkuyuni

Barabara ya Kisaki ikiiacha Bigwa hupanda Kiroka, kisha hushuka Mkuyuni, kwenye mihogo na migomba ya Uluguru. Mgonjwa wa kongosho wa huku huipita kinyume, kwenda hospitali ya mkoa mjini Morogoro. Nami nimeifuata njia ya majina ya ugonjwa wake, nayo imenirudisha mwaka 1992.

Septemba ile madaktari wapatao 40 walikutana Atlanta, Marekani. Tangu Reginald Fitz wa Boston alipoueleza ugonjwa huu wa kongosho kuvimba ghafla mwaka 1889, majina ya matatizo yake yalikuwa yamevurugika: maji yaleyale kando ya kongosho huyu aliyaita jipu, yule uvimbe. Atlanta ikaweka mpaka. Marekebisho ya 2012 yakauliza mambo mawili: je, kuna nyama iliyokufa? Wiki nne zimepita? Maji matupu ya siku za mwanzo ni mkusanyiko tu. Yakishajijengea ukuta, kwa kawaida baada ya wiki hizo, huitwa uvimbe bandia. Nyama iliyokufa nayo ina majina mawili, kabla na baada ya ukuta. Neno jipu likaondolewa. Si ubishi wa wasomi: mpasuaji anayeingia kabla ukuta haujakomaa humhatarisha mgonjwa, na mara nyingi kusubiri ndiyo tiba.

Mwaka uleule wa 1992, Andrew Swai na Donald McLarty wa Dar es Salaam walichapisha utafiti kuhusu wanakijiji wa Tanzania waliokula mihogo yenye sumu kwa miaka. Huko Kerala, India, mihogo ilishukiwa kuharibu kongosho na kuleta kisukari. Hawa hawakuona kwamba ilileta kisukari. Kwa mlaji wa makopa, habari hiyo naiona nzito kuliko ya Atlanta.

Na 1992 hiyohiyo ukaanza mradi wa AMMP wa kuchunguza vifo vya watu wazima, Morogoro Vijijini ikiwamo. Wadadisi waliwauliza wafiwa: tumbo liliuma? Lilivimba? Siku ngapi? Kisha madaktari wakasoma majibu na kuandika chanzo cha kifo. Mfiwa anaweza kusema marehemu alishika chembe ya moyo akatapika usiku kucha. Lakini ukuta wa Atlanta huonekana kwa picha ya CT, na hakuna swali la kumuuliza mjane litakaloutaja.